Gari Moshi Lililoitwa Mlima Rungwe: Historia ya Reli Ndogo za Mfano

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, lakini ndani yake mna hesabu kidogo, kwa hiyo kalamu isiwe mbali.

Kila mtu wa Bondeni anaujua Mlima Rungwe. Siku isiyo na mawingu, mtu akisimama katika shamba lake la mpunga akatazama upande wa kaskazini, anauona. Mvua zetu nyingi na mito yetu hatuwezi kuvieleza bila kutaja milima ya upande ule. Lakini ni wachache wanaojua kwamba jina la mlima huu lilipata kusafiri mbali sana. Lilisafiri kati ya Mombasa na Nairobi, limeandikwa ubavuni mwa chuma kilichokuwa na uzito wa zaidi ya tani 250.

Tuanze hapo.

1. Vichwa 34 vyenye majina ya milima

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Mizigo ilikuwa imerundikana Mombasa, na vichwa vya gari moshi vilivyokuwapo havikutosha. Basi shirika likaagiza vichwa vipya 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, katika mji wa Manchester, Uingereza. Vilitengenezwa mwaka 1955 na 1956. Vikaitwa vichwa vya daraja la 59.

Havikuwa vichwa vya kawaida. Vilifuata ubunifu wa Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeupatia hati mwaka 1907. Yeye alijiuliza: reli nyembamba na nyepesi itabebaje gari zito? Akajibu: ugawe uzito. Akaweka tangi moja kubwa la kuchemshia maji katikati, na mbele yake na nyuma yake akaweka mitambo miwili yenye magurudumu yake. Kichwa kimoja cha daraja la 59 kilikuwa na magurudumu 28, na urefu wake ulikuwa karibu mita 32. Kilichoma mafuta mazito ili kuchemsha maji. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, hapakuwa na vichwa vya mvuke vilivyovishinda hivi kwa nguvu.

Kila kimoja kilipewa jina, na karibu majina yote yalikuwa ya milima ya Afrika ya Mashariki. Kimoja kiliitwa Mlima Kenya, kingine Mlima Kilimanjaro, kingine Mlima Meru. Kimoja kiliitwa Mlima Mbeya. Na kimoja, ndugu zangu, kiliitwa Mlima Rungwe.

Sasa mwanafunzi aniulize: kiko wapi leo? Jibu ni la kusikitisha. Vichwa vya dizeli vilipoenea, vichwa vya mvuke viliondolewa kazini. Ilipofika mwaka 1980, kazi ya daraja la 59 ilikuwa imekwisha. Vikakatwa vipande, vikauzwa kuwa chuma chakavu. Kati ya vile 34 vimebaki viwili tu: namba 5918, Mlima Gelai, na namba 5930, Mlima Shengena. Vyote viwili vina majina ya milima ya Tanzania, navyo vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mlima Rungwe wa chuma haupo tena.

Lakini haukupotea kabisa. Vichwa vyote vya daraja hilo vilifuata mchoro mmoja, na hati za kiwanda cha Beyer, Peacock zimehifadhiwa Manchester katika makumbusho ya sayansi na viwanda. Mtu mwenye vipimo vya kichwa kimoja anavyo vipimo vya vyote. Akitaka, aweza kuuunda tena Mlima Rungwe, si kwa ukubwa ule, bali kwa ukubwa wa kukaa juu ya meza. Wako watu duniani ambao hiyo ndiyo raha yao jioni wakitoka kazini. Historia yao ndiyo somo letu.

2. Mfano ni nini?

Mfano si kitu kidogo tu. Mfano ni kitu kidogo kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja kila mahali. Ukipunguza urefu mara 10, hapana budi upunguze upana mara 10, na kimo mara 10, na dirisha mara 10. Ukipunguza kimoja ukasahau kingine, umetengeneza kichekesho.

Kipimo kinachotumiwa zaidi na waundaji wa reli ndogo ni cha 1 kwa 87. Maana yake, kila urefu wa kweli unagawanywa kwa 87. Tufanye hesabu pamoja. Mtu mwenye kimo cha sentimeta 174, ukigawa kwa 87, anakuwa sentimeta 2. Kichwa cha gari moshi chenye urefu wa karibu mita 32 kinakuwa sentimeta 36 hivi, kinaenea katika mikono miwili. Je, Mlima Rungwe wenyewe, ambao kimo chake kinakaribia mita 3,000? Ukigawa kwa 87 utapata karibu mita 34. Huo mfano utaupita mchikichi wowote wa Kyela!

Na njia ya reli kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambayo ni kama kilomita 530, ukiigawa kwa 87 inabaki zaidi ya kilomita 6. Hakuna nyumba ya kuitosha. Ndiyo maana muundaji wa reli ndogo hawezi kutengeneza kila kitu. Anachagua: stesheni moja, daraja moja, kona moja ya mlima. Kuchagua kitakachobaki na kitakachoachwa ni kazi ngumu, na ni kazi ileile anayoifanya mwandishi wa historia.

3. Kutoka vitu vya kuchezea hadi vyama vya watu wazima

Mwanzoni gari moshi dogo lilikuwa kitu cha kuchezea watoto wa matajiri wa Ulaya. Kila fundi alitengeneza kwa kipimo chake. Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya mji wa Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha reli ndogo za vipande vya kuunganishwa, zenye upana uliowekwa na kupewa namba. Mtoto aliweza kununua vipande vichache mwaka huu, na mwakani akaongeza vingine, vikakubaliana.

Huko Liverpool, Uingereza, Frank Hornby alipata hati mwaka 1901 ya vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto hufunga kwa skrubu akajenga daraja au winchi. Mwaka 1920 kampuni yake ilianza kuuza magari moshi madogo. Na mwaka 1922 kampuni ya Bing ya Ujerumani ikatoa reli ndogo zaidi, ya kutosha juu ya meza ya chakula. Hapo hata mtu mwenye chumba kimoja aliweza kuwa na reli.

Lakini watu wazima nao walikuwa wameingia. Mwaka 1910 ilianzishwa mjini London klabu ya waundaji wa reli za mfano, nayo ndiyo kongwe kuliko zote zinazojulikana. Hawa hawakuridhika na kitu cha kununua dukani. Walikwenda stesheni na futi mkononi, wakapima, wakaandika, wakachora, kisha wakaunda. Mmoja alikuwa hodari wa kuchomelea shaba, mwingine wa umeme, mwingine wa kupaka rangi. Walichokijua waliandika magazetini ili mwenzao wa mbali asirudie makosa yaleyale.

Mwaka 1935 waundaji wa Marekani walikutana katika mji wa Milwaukee wakaunda chama cha nchi nzima. Shida yao ilikuwa hii: behewa la mtu mmoja halikuweza kupita katika reli ya mwenzake, kwa sababu magurudumu yalitofautiana na ndoano za kuungia zilitofautiana. Wakakaa, wakabishana, wakaandika viwango. Tangu hapo mtu aliweza kubeba behewa lake ndani ya sanduku, akaenda kwa rafiki wa mji mwingine, akaliweka juu ya reli, likaenda.

4. Shida ileile katika reli kubwa

Msidhani kwamba habari ya viwango ni mchezo tu. Sisi wenyewe tunaishi nayo.

Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, na reli yao ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Baadaye ikaja reli ya TAZARA, ambayo wazee wengi waliiona ikijengwa. Ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 1970 na Rais Nyerere na Rais Kaunda, kwa msaada wa China, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, nayo hupita Mbeya. Upana wake ni milimita 1,067, ili ipatane na reli za kusini. Tofauti ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja. Lakini kwa milimita hizo, behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya. Mwaka 1998 kilifunguliwa kituo huko Kidatu ambako mizigo iliweza kuhamishwa kutoka reli moja hadi nyingine.

Kisha mwaka 2024 reli ya tatu ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Hiyo ni reli ya umeme yenye upana wa milimita 1,435. Basi nchi yetu moja ina reli za mapana matatu.

Muundaji wa reli ndogo anaiona habari hii mara moja mezani pake. Gawa 1,435 kwa 87: unapata milimita 16 na nusu, na huo ndio upana wa reli ndogo inayouzwa karibu kila duka la waundaji duniani. Gawa 1,000 kwa 87: unapata milimita 11 na nusu, nayo inahitaji reli nyingine, ya milimita 12. Kwa hiyo mtu anayetaka kuunda gari moshi la Mlima Rungwe hawezi kuliweka juu ya reli ya kawaida ya dukani. Akiliweka, ameibadili historia.

5. Kutu, vumbi na paa la nyasi

Wako waundaji ambao kwao gari moshi lenyewe si kitu kikubwa. Wanapenda zaidi yale yanayolizunguka: nyumba, miti, watu stesheni, kutu juu ya behewa, masizi juu ya ukuta. Gari lililotoka kiwandani linang'aa. Gari la kweli lililovuka Tsavo lina vumbi jekundu hadi madirishani. Muundaji hodari hupaka rangi mpya vizuri, kisha huichafua kwa uangalifu.

Tuwataje wawili. Wa kwanza ni John Allen wa Monterey, California. Kwa miaka mingi alijenga ndani ya nyumba yake nchi nzima ya kubuni, yenye milima kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Picha zake magazetini ziliwafundisha waundaji wengi namna ya kuonyesha uchakavu. Alifariki Januari 1973. Siku chache baada ya kifo chake moto ukazuka, ukateketeza karibu kazi yote. Kilichobaki ni picha na maandishi, na kwa hayo watu wanajifunza kwake mpaka leo.

Wa pili ni Roye England, mtu wa Australia aliyehamia Uingereza mwaka 1925. Alikaa katika bonde lenye vijiji vya zamani, nyumba zake zikiwa na mapaa ya nyasi. Akaona mapaa yanaondolewa na nyumba zinabomolewa, na hakuna anayejali. Akaanza kuzipima moja moja, akazitengeneza kwa karatasi ngumu, kila dirisha na kila ua. Mwaka 1954 akaanzisha makumbusho ya Pendon, ambako wengine walijiunga naye na kuendelea na kazi hiyo. Wageni wanaokwenda huko wanaona bonde kama lilivyokuwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Reli ipo, lakini reli ni sehemu tu. Jambo kuu ni kwamba kijiji kilichokufa kinaweza kutazamwa.

Tena, mchezo huu huzaa elimu isiyotazamiwa. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Massachusetts, Marekani, waliunda klabu ya reli ndogo. Kundi moja lilipenda nyaya zilizokuwa chini ya meza, na kwa vifaa vya simu vilivyokwisha kutumika likatengeneza mitambo ya kuongoza magari mengi kwa pamoja. Baadhi ya vijana hao wakaingia katika kazi ya kompyuta, wakawa miongoni mwa watu wa mwanzo walioonyesha kwamba kompyuta si ya hesabu tu.

6. Na sisi wa Bondeni?

Hapa mzee mmoja anaweza kusema: "Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu wenye fedha. Kyela hatuna hata reli." Ni kweli, reli haifiki Kyela. Lakini uundaji wa mifano tunao. Tazameni watoto wetu. Mtoto hupata waya, akaukunja ukawa gari. Magurudumu akakata kandambili iliyokwisha, au akatumia vifuniko vya chupa za soda. Usukani akauweka juu ya fimbo ndefu, akakimbia nalo njiani. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, gari la waya namna hiyo huitwa galimoto. Mtoto huyo ametazama lori, amelikumbuka, amelipunguza. Huo ni ufundi.

Basi tofauti yetu na ile klabu ya London ni nini? Si akili, wala si mikono. Tofauti ni daftari. Wao walipima na kuandika. Mtoto wetu akikua, gari lake la waya linatupwa, na ujuzi wake unatupwa pamoja nalo.

Sasa nifikie jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wanyakyusa, akaisifu sana nchi, na nyumba zake. Wageni wengine waliomfuata nao walisifu. Zilikuwa nyumba za mianzi na nyasi, zimejengwa kwa ustadi, na zimewekwa safi. Leo tunajenga kwa matofali na mabati, na hatufanyi vibaya. Bati halivuji, na halichomeki upesi. Lakini ujuzi wa nyumba ile uko wapi? Mwanzi ulikatwa wakati gani ili usiliwe na wadudu? Fito ziliachana kwa nafasi gani? Fundo lilifungwaje? Sifa za nyumba ziliandikwa na wageni. Ufundi wake ulibaki zaidi mikononi mwa mafundi, na mikono huzikwa.

Fikirini vizuri jambo hili. Mlima Rungwe wa chuma ulikatwa vipande, lakini mtu anaweza kuuunda tena, kwa sababu vipimo vyake viliandikwa. Nyumba ya babu ilisimama chini ya Mlima Rungwe wenyewe, hapa kwetu, na pengine hatuwezi kuiunda tena, kwa sababu hakuna aliyeipima. Chuma cha Manchester kimehifadhiwa kuliko mwanzi wa Bondeni. Je, tukubali?

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mnazo silaha tatu: kalamu, kipimo na mzee aliye hai. Darasa moja laweza kufanya kazi hii. Mtafuteni mzee aliyepata kujenga nyumba ya mianzi. Mpelekeeni heshima zake, mketi, mmwulize taratibu. Andikeni kila kipimo. Kisha mjenge mfano kwa kipimo cha 1 kwa 20. Hapo kila mita moja inakuwa sentimeta 5. Nyumba ya upana wa mita 6 inakuwa sentimeta 30. Mlango wa sentimeta 160 unakuwa sentimeta 8. Mwanzi mchanwe vijiti vyembamba, udongo mnao, nyasi mnazo. Mwiteni mzee aukague. Akisema, "Hapa mmekosea," msione haya. Bomoeni sehemu ile mjenge tena, na mwandike alivyosema.

Mfano ukikamilika, uwekeni darasani pamoja na daftari la vipimo. Mfano waweza kuliwa na mchwa. Daftari likinakiliwa mara mbili tatu, likakaa mahali mbalimbali, mjukuu ataweza kujenga tena.

Hapo ndipo somo letu linapokoma. Kwaherini, na jifunzeni vyema.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Vichwa vya gari moshi vya daraja la 59 vilikuwa vingapi, na vimebaki vingapi? Kwa nini?
2. Daraja la mto lina urefu wa mita 40. Mfano wake kwa kipimo cha 1 kwa 20 utakuwa na urefu gani?
3. Kwa nini waundaji wa Marekani waliandika viwango? Toeni mfano wa jambo kijijini kwenu linalohitaji kipimo kimoja kwa watu wote.
4. Tajeni kitu kimoja kilichotengenezwa Bondeni zamani ambacho vijana hawajui kukitengeneza. Ni mzee gani anayeweza kuulizwa? Nani atakwenda, na siku gani?